Kisanduku cha Pili

Asubuhi moja mjini Ruiru, ndani ya saiba iliyo hatua chache kutoka stendi ya matatu, bibi mmoja aliketi kwenye stuli ya plastiki huku kitambulisho chake kimefungwa kwenye pindo la leso. Alitaka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, maana shule ilikuwa imekidai. Kijana wa saiba alifungua ukurasa wa serikali, akamgeukia.

"Shosho, una imeli?"

"Sina, mwanangu. Nina simu tu."

"Usijali, nitakutengenezea."

Vidole vyake vilipita juu ya kibodi upesi kama vya mtu anayepukuchua maharagwe. Penye nafasi ya neno la siri aliandika kitu, nukta nane nyeusi zikajipanga. Chini yake palikuwa na nafasi nyingine, iliyomtaka arudie neno lilelile. Akarudia, nukta nane nyingine zikajipanga sambamba na zile za juu. Alama ya kijani ikawaka. Kompyuta ilikuwa imelinganisha visanduku viwili na kuviona sawa. Bibi alikuwa akitazama barabarani, na kati ya herufi zote kumi na sita hakuchagua hata moja.

Nimekitafakari sana kisanduku kile cha pili. Kila mtu aliyejiandikisha kwenye mtandao amekutana nacho: andika tena neno la siri, andika tena anwani ya barua pepe. Wengi tunakiona kama usumbufu mdogo. Lakini kina safari ndefu nyuma yake, na sehemu moja muhimu ya safari hiyo ilipita hapa kwetu Kenya, kwenye barabara ya kwenda Thika. Kote ilikopita, swali limekuwa lilelile: anayeulizwa mara ya pili ni nani, na jibu lake linamlinda nani?

*

Katika nchi hii, kulinganisha maandishi mawili ili kumtambua mtu kulianza zamani kabla ya kompyuta. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, mahali alikotoka na alama za vidole vyake. Iliwekwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita kikopo hicho mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi.

Fomu ya kipande ilikuwa na nafasi za kujazwa na mwajiri: siku ya kuanza kazi, mshahara, siku ya kuachishwa. Katika mashamba ya walowezi, kama yale ya kahawa ya Ruiru na ya mkonge upande wa Thika, sahihi ya mzungu mahali pa kuachishwa kazi ndiyo iliyompa mtu ruhusa ya kutafuta kazi kwingine. Pasipokuwa na sahihi, alihesabiwa mtoro. Nairobi kulikuwa na kumbukumbu zenye alama zilezile za vidole, kwa hiyo aliyetoroka na kubadili jina angeweza kunaswa kwa kuoanisha karatasi na karatasi.

Huo ulikuwa mfumo kamili wa ulinganisho. Kulikuwa na rekodi mbili, moja shingoni na nyingine ofisini, na kulikuwa na karani wa kuzikutanisha. Ila mwenye jina hakuulizwa neno. Hakuwa na nafasi ya kusema kwamba tarehe imekosewa, au kwamba mshahara ulioandikwa sio uliolipwa. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui hapa Kiambu, alikuwa mwendesha simu wa serikali mjini Nairobi wakati alipoanza kuwakusanya watu mwaka 1921. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa aliyoyabeba. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokuja kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Kipande chenyewe kiliendelea hadi mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

*

Ng'ambo ya bahari, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, kila tundu likiwa na maana yake: umri, jinsia, kazi. Mashine zilihesabu matundu kwa kasi ambayo hakuna karani angeifikia. Lakini mashine haijui kwamba mtobozi alipitiwa na usingizi. Tundu likikosea mahali, kosa nalo linahesabiwa kwa kasi ileile.

Suluhisho lilikuwa la uvumilivu. Mfanyakazi wa kwanza, mara nyingi mwanamke, alisoma fomu na kutoboa kadi. Kisha kadi na fomu vilipelekwa kwa mwenzake aliyekaa kwenye mashine ya kuhakiki. Huyu wa pili aliandika upya yote kutoka kwenye fomu ileile, lakini mashine yake haikutoboa. Ilipima tu kama kila anachobonyeza kinalingana na tundu lililopo. Penye tofauti mashine ilisita, naye akajaribu tena. Katika mashine ya IBM iliyotumika sana katikati ya karne ya 20, kadi iliyopita salama ilikatwa pengo dogo kwenye ukingo wa kulia, na kadi iliyokataa ilikatwa pengo juu ya safu yenye kosa. Msimamizi angeweza kushika bunda zima la kadi na kuona kwa jicho ipi imeponyoka.

Uhakiki ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulifanywa na watu wawili. Kila mmoja alisoma kwa macho yake, na ilikuwa vigumu wote wawili wakosee mahali pamoja kwa namna moja. Gharama yake pia ilikuwa wazi: kazi moja ililipiwa mara mbili.

Kompyuta zilipoanza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, mtu wa pili aliondolewa. Katika chuo cha MIT, mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja, na hatimaye kila mmoja akapewa neno la siri la kulinda mafaili yake. Baadaye, katika mfumo wa Unix uliozaliwa kwenye maabara ya Bell, anayebadilisha neno la siri aliliandika bila kuonyeshwa herufi zake, ili jirani asilisome begani. Lakini asichokiona jirani, mwenyewe naye hakioni. Kidole kikiteleza, utajifungia nje ya nyumba yako bila kujua umeufanya ufunguo wa sura gani. Ndiyo maana programu ikamtaka aandike mara mbili. Mtu mmoja akawa mtobozi na mhakiki wa kazi yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye mizizi ya kisanduku cha pili. Kilikuwa fidia kwa mtu aliyenyimwa kuona anachoandika.

*

Mtandao wa kurasa ulikirithi. Mwaka 1995 kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, zilichapishwa zikiwa na fomu ndani yake, pamoja na nafasi maalumu ya neno la siri inayoficha herufi. Kulinganisha visanduku kulifanyika mbali, kwenye seva. Ulijaza fomu nzima, ukaituma, ukasubiri, kisha ukarudishiwa ujumbe kwamba maneno mawili hayafanani.

Waliokuwa kwenye saiba za Thika miaka ya mwanzo ya 2000 wanaijua subira hiyo. Data za Kenya zilipanda angani kwa setilaiti na kurudi, kwa kuwa nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Saiba zilitoza kwa dakika, na saa iliyokuwa pembeni ya skrini ilihesabu hata pale ukurasa uliposimama. Fomu iliyorudi na maandishi mekundu ilikuwa imekula shilingi zako, na mara nyingine ilirudi tupu uanze upya.

Mwaka huohuo wa 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika kwa siku 10 toleo la kwanza la lugha iliyokuja kuitwa JavaScript. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa hii hasa, kukagua fomu ndani ya kivinjari kabla haijaondoka. Mistari michache inatosha. Chukua kilichomo katika kisanduku cha kwanza, chukua cha pili, vilinganishe, na kama havifanani zuia fomu na umwambie mwenyewe. Hadi leo HTML haina neno moja la kuamuru visanduku viwili vifanane, kwa hiyo kila mtengenezaji wa kurasa huiandika mistari hiyo mwenyewe. Wanafunzi wa kompyuta huikuta mapema katika masomo yao, wakiwemo wa chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika.

Somo hilo linaonekana jepesi hadi jina la mtu wa Kiambu linapoingia. Chukua Ng'ang'a. Kwa jicho, majina mawili yaliyoandikwa hivyo ni jina moja. Kwa kompyuta, ile alama iliyo baada ya herufi g inaweza kuwa ya namna mbili: kuna kidoti kilichosimama wima, kinachotoka kwenye kibodi ya kawaida, na kuna kilichojipinda, ambacho simu na programu za kuandikia barua hupenda kukiweka zenyewe. Kila kimoja kina namba yake ndani ya mashine. Mtu akiandika kwa kibodi katika kisanduku kimoja na kubandika kutoka kwenye barua katika kingine, ataambiwa majina hayalingani, na atakodoa macho asione tofauti. Kadhalika nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa neno, au herufi kubwa ambayo simu imeiweka bila kuulizwa. Mtengenezaji mwenye kujali husafisha nafasi za pembeni za jina, huvigeuza vidoti kuwa vya aina moja, ndipo alinganishe. Asiyejali humwachia Ng'ang'a lawama za makosa asiyoyafanya.

*

Sasa twende Thika yenyewe. Mnamo Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu huduma mpya ya pesa kwa simu. Nick Hughes wa Vodafone alikuwa ameibuni, fedha za serikali ya Uingereza zikachangia nusu ya gharama za kuanzia, na Susie Lonie akaja Kenya kuisimamia. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa matatu: katikati ya Nairobi, Mathare, na mji wa Thika. Kulikuwa na maduka manane ya mawakala na wateja mia chache tu, wengi wao wakiwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo iliyofanya kazi kupitia vikundi.

Nia ya awali ilikuwa kulipa mikopo. Wateja wakagundua mengine. Walituma pesa kwa jamaa, walilipana biashara kwa biashara, waliweka fedha jioni ili zisilale dukani. Waliosafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka fedha upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, wakapanda gari mifuko ikiwa mitupu. Kutokana na mafunzo hayo, M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1.

Kwa wengi, hiyo ndiyo fomu ya kwanza waliyoijaza kwa vidole vyao wenyewe. Skrini yake ilikuwa na upana wa vidole viwili, na visanduku vilikuja kimoja baada ya kingine. Kuchagua namba ya siri kulifuata desturi ileile ya Unix: tarakimu nne, kisha tarakimu nne tena. Kwa kutuma, uliandika namba ya simu ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, halafu simu ikakuonyesha muhtasari ukubali au ukatae.

Muhtasari huo ulikuwa na upungufu ambao haukuonekana mara moja. Ulikurudishia ulichoandika wewe mwenyewe. Aliyekosea 3 akaweka 8 alionyeshwa 8, na kwa kuwa tayari aliamini ameandika sawa, aliisoma kama 3. Namba za kadi za benki zina ulinzi dhidi ya kosa hilo. Hans Peter Luhn wa IBM alibuni hesabu iliyopata hataza mwaka 1960, ambayo tarakimu ya mwisho hupatikana kutokana na zile zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja namba nzima inakataa. Namba ya simu haina mlinzi huyo. Ukikosea tarakimu moja, mara nyingi umeangukia namba halali ya mtu mwingine, mwenye simu yake mfukoni na shida zake nyumbani.

Jina la mpokeaji lilifika baadaye, katika ujumbe wa kuthibitisha, pesa zikiwa zimekwisha kwenda. Karibu kila mtu ana kisa cha kusoma jina asilolijua na kuhisi tumbo likishuka. Karo ya mtoto iko kwa mgeni wa Bungoma. Mgeni akiwa muungwana, anazirudisha. Akiwa amezitoa na kuzima simu, basi.

Kurudia hakungeondoa tatizo. Aliyenakili namba vibaya kwenye daftari angeiandika vibaya mara mbili kwa unadhifu, na visanduku vingefanana kabisa. Ndivyo ilivyo hata kwenye barua pepe za mtandaoni: wengi hunakili kisanduku cha kwanza na kukibandika katika cha pili, wakilibeba kosa kama lilivyo. Visanduku viwili kufanana kunathibitisha kwamba vinafanana, basi. Ukweli wa kilichomo unahitaji shahidi mwingine.

Shahidi huyo alipatikana. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa Kenya, na katika miaka hiyo ikaongezwa huduma iliyopewa jina la Kiswahili: Hakikisha. Baada ya kuandika namba na kiasi, jina la mpokeaji lilitokea kwenye skrini kabla pesa hazijaondoka, na mtumaji akapewa sekunde chache za kusimamisha. Baadaye ikaja njia ya kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456.

Nadhani hatukuupima vizuri ukubwa wa badiliko hilo. Muhtasari wa zamani ulikuwa kioo, na kioo hukuonyesha wewe. Hakikisha ilikuwa dirisha, ikakuonyesha aliye upande wa pili. Mama aliye sokoni Madaraka, Thika, asiyependa kusoma tarakimu kumi, anatazama jina la dada yake na kujua. Kazi ya mhakiki wa kadi imerudi, ikiwa na macho ya pili. Imerudi pia ikiwa kinyume cha mbugi: rekodi ya ofisini inaletwa mbele ya mwananchi, na mwananchi ndiye anayekubali au kukataa. Ina bei yake, kwani jina lako linaweza kuonwa na yeyote mwenye namba yako. Lakini swali linamfikia mwenye kupata hasara.

*

Huduma za serikali nazo zilihamia mtandaoni. Mamlaka ya Mapato (KRA) ilileta iTax, ambayo humtaka anayeingia afanye hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ili aonekane ni binadamu. eCitizen, lango la huduma za serikali, ikaja mwaka 2014. Kila Juni inapokaribia mwisho, saiba za Thika na Ruiru hujaa watu wa kuwasilisha ritani, na wenye saiba hubandika vibao mlangoni: PIN ya KRA, pasipoti, cheti cha tabia njema. Vijana hawa wanafanya kazi ya thamani. Bila wao, maelfu wangebaki nje ya lango la serikali yao.

Hata hivyo, wanapojaza visanduku vyote viwili, historia hii yote inakunjwa na kuwa bure. Kisanduku cha pili kiliwekwa ili mwenye siri asijifungie nje. Akikijaza mtu mwingine, mwenye siri amekwisha kufungiwa nje, na alama ya kijani inawaka palepale.

Bibi wa Ruiru aliandikiwa neno lake la siri kwa kalamu pembeni mwa risiti. Nilimwona akiikunja risiti na kuifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho, vizuri, kama mtu aliyepewa kitu cha kutunzwa.

Mjini Thika nimeona mtu akifanya vingine. Ilikuwa saiba ndogo yenye mashine tatu, na mzee aliyekuja alikuwa mkulima mwenye mikono mizito. Msichana wa pale alimjazia yote, jina, namba ya kitambulisho, wilaya aliyozaliwa. Alipofika kwenye neno la siri alisimama, akaisukuma kibodi upande wa mzee, akageuza uso wake ukutani.

"Andika kitu utakachokumbuka, guka. Mimi siangalii."

Mzee alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Alipomaliza, ukurasa ukamtaka arudie. Akarudia, ukakataa. Alifuta, akaanza tena, midomo ikitamka kila herufi bila sauti. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, na msichana bado alikuwa ameutazama ukuta. Mara ya tatu alama ikawa ya kijani.

"Imekubali," mzee akasema.